Mkeka Mbele ya Mlango

Kazi yangu ilikuwa kukaa chini. Wajukuu zangu wakiulizwa shuleni bibi yenu alifanya kazi gani, wanajibu alikuwa anakaa, na mwalimu anadhani wanamtania. Hawamtanii. Miaka mingi, Kisarawe na huku Kibaha, nimekaa kwenye baraza za ofisi, kwenye mageti na kwenye mipaka ya mashamba, mimi na wanawake wenzangu, mpaka aliyekataa kutusikiliza akasikiliza. Nimeacha kwa sababu ya magoti. Kuchoka sijachoka.

Naandika haya kwa sababu ya wasichana wanne waliokuja juzi hapa ninapoishi na binti yangu, Kibaha. Wanafanya kazi Zegereni, kiwanda sikitaji. Huko msichana akionekana ana tumbo anaambiwa akapumzike, na akirudi baada ya kujifungua anakuta nafasi yake ina mtu. Mmoja wao, Rehema, ana mimba ya miezi mitano na anaibana kwa kanga ndani ya nguo za kazi asijulikane. Wenzake wanataka waende wakakae getini kabla hajajulikana. Mkubwa wao anaitwa Neema, wazazi wake wametoka Singida. Aliniamkia vizuri, akapokea maji, halafu akasema, "Bibi, Jumatatu tunakinukisha."

Nikamwambia kama mnakwenda kukinukisha, kufanya fujo, mmekosea nyumba. Hapa tunafundisha kukaa.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikawaambia wakae, wazime simu, niwahadithie mambo ya Chole, na ile sehemu ya aibu nisiiache. Simu hawakuzima. Kila nikifika mahali pa maana inalia. Ndiyo nikachukua daftari la mjukuu wangu, niyaweke hapa. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mtakaposoma mvumilie mwandiko, lakini maneno myashike.

Chole ninayosema ni hii ya Kisarawe. Nilikuwa na shamba huko, na shamba lililopakana na langu lilikuwa la Tatu na mumewe. Walilifyeka wao wawili lilipokuwa pori. Mihogo, mananasi, na mikorosho waliyoipanda mwaka aliozaliwa binti yao wa kwanza. Mume akafariki. Tatu akakaa eda, na ninyi mnajua mwanamke aliye edani hatoki akazurura. Basi siku moja, bado yuko ndani na nguo zake za eda, akamwona shemeji yake Shabani anatembea katikati ya mananasi na mtu wa mjini, wameshika utepe wa kupimia. Tatu alisimama mlangoni akaangalia shamba lake linapimwa. Hakuweza kutoka. Alinitumia binti yake mdogo aje aniite.

Nilimwendea Shabani. Akaniambia shamba ni la ukoo, mwanamke hupewa cha kula, hapewi ardhi, na kwamba nirudi kwangu nikapalilie. Nikamuuliza jembe lake alilofyekea pori liko wapi nilione. Akaniita mchonganishi. Kilichobaki ilikuwa muhuri wa ofisi ya kijiji kwenye karatasi ya mauzo. Ukigongwa, Tatu na mabinti wawili wanatoka, na nyumba imo humo humo shambani. Mtendaji wa kijiji alisema ataona aibu kugonga muhuri mjane akiwa edani. Wangoje eda iishe. Hiyo ndiyo iliyokuwa huruma yake.

Nikaenda kwa Mama Ester.

Huyu mtu nataka mmjue. Alikuwa muuguzi, mtu wa bara, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Serikali ilimleta zahanati za Kisarawe akiwa msichana, akatuzalisha sisi na akawazalisha mabinti zetu, na alipostaafu akajenga Kibaha. Mrefu, mwembamba, na sauti yake haikupanda hata siku moja. Muuguzi anayepiga kelele, alikuwa anasema, anamtisha mtoto asitoke. Alishawahi kuwaongoza wanawake wakakaa mbele ya zahanati siku mbili mpaka chumba cha kujifungulia kikapata mlango. Mlango tu. Kabla ya hapo tulijifungua nyuma ya pazia, na watu wa malaria wanapita.

Alinisikiliza, akaniuliza maswali kama ya daktari. Eda inaisha lini? Mashahidi wa kufyeka wako hai? Tatu mwenyewe anataka nini? Hilo la mwisho nilikuwa sijamuuliza Tatu. Mama Ester akanirudisha Chole, safari nzima, nikamuulize. Na ninyi mkamuulize Rehema. Msije mkakaa kwa ajili ya mtu ambaye hajawaambia mkae.

Tatu alitaka. Tukaanza, na tukaanza vibaya.

Mama Ester aliandika barua kwa mtendaji kumjulisha kwamba wanawake watakuja ofisini siku fulani, kwa amani, kudai shauri la Tatu lisikilizwe kabla ya muhuri. Akaandika nakala, na nakala ikagongwa muhuri kwamba imepokelewa. Hiyo msiache. Siku ya kukana mtaambiwa hamkusema, nanyi mtoe karatasi. Tukaenda wanawake kumi na wawili, tukakaa kwenye mabenchi ya baraza ya ofisi, wasafi, mikoba mapajani. Mtendaji akatoka na tabasamu. Samahani mama zangu, kuna wageni wanatoka wilayani, naomba muwapishe kidogo. Tukawapisha. Wageni wakakaa, wakanywa soda, wakaondoka, na sisi tumesimama juani na mikoba kama watu walioachwa na basi. Mpaka jioni hakuna aliyetukumbuka. Tulikuwa tumekwenda kuonyesha adabu tu.

Njiani nilikuwa na hasira sana, na hasira ndiyo iliyonipa akili. Nikamwambia Mama Ester, benchi ni la kwao, ndiyo maana wametuinua. Twende na mkeka wetu.

"Mkeka utafanya nini?" akauliza.

"Nani kwenu anakanyaga mkeka na viatu?"

"Kwetu tunakaa kwenye viti, Bi Mwajuma."

"Basi ndiyo maana mnaondolewa."

Alisimama njiani akafikiri. Yule mama alikuwa na elimu, amesomea kazi yake miaka mitatu, lakini alimsikiliza mtu wa darasa la nne akiwa na jambo. Wengi wenye elimu niliowaona baadaye hawana hiyo.

Niwaeleze ninyi mliozaliwa kwenye malumalu. Kwetu mkeka unalaliwa, unasaliwa, unakaliwa msibani, maiti anawekwa juu yake. Mtu haukanyagi na viatu, awe mlevi, awe mkubwa. Sasa utandike mkeka mbele ya mlango wa ofisi, kutoka ukuta mpaka ukuta, wakae wanawake watu wazima. Anayetaka kuingia lazima avue viatu. Akishavua, yuko kama amefika nyumbani kwa watu, lazima aamkie. Na mtu aliyeshika viatu mkononi, ameamkia akaitikiwa marahaba, kufoka kunamwia vigumu. Jaribuni mkaone.

Lakini mlango hatukuufunga. Hili Neema alinibishia, anasema Bibi, si bora tufunge kabisa asipite mtu. Hapana. Mama aliyekuja kuchukua barua ya kumpeleka mtoto hospitali tunakunja miguu, anapita, tunamwombea dua. Mzee aliyekuja na shida yake anapita. Mkifunga, mtapigwa na watu mliokuja kuwatetea. Sisi tulichotaka ni kila anayepita atuone, na atuone akiwa miguu mitupu.

Mkeka tuliusuka wenyewe. Kila mwanamke alileta ukili wake, ile mistari mirefu ya ukindu uliosukwa, tukaishona pamoja. Tatu alisuka wake ndani, edani, akautia rangi ya zambarau. Tukauweka katikati, nikaushona mimi, rangi ikanibaki mikononi.

Halafu mazoezi. Mama Ester hakukubali twende bila mazoezi. Tulifanya uani kwangu, yeye anajifanya mgambo. Anakuja juu yetu, anatutukana kwa ile sauti yake ya zahanati, wachawi ninyi, mmeshindwa kulea waume, tokeni hapa. Tunatakiwa tusiinuke, tusijibu tusi, tusimguse. Tukicheka anaanza upya. Alipofika kwangu akaniambia mumeo alikufa kwa kuukimbia mdomo wako. Nikamzaba kofi.

Nilimzaba kofi mwalimu wangu, mbele ya watu, miwani ikaruka mpaka kwenye mafiga. Akaiokota, akaifuta, akaniambia, "Vizuri imetokea hapa. Kaa, tuanze tena."

Siku ile tulirudia mara tisa. Nilikuwa namba moja kwa ubaya. Shoga yangu Bi Pili, tuliyechezwa unyago pamoja na tunaitana somo, alisema mimi nifungwe kamba.

Mambo madogo sasa, maana ndiyo yanayowashinda watu. Asubuhi kunyweni uji mwepesi, msile ugali mkavu, mtaona kiu. Choo muulize mapema kiko kwa nani, na mwende kwa zamu, wawili wawili, mkeka usibaki mtupu. Watu wazima mbele, wenye mimba pembeni penye kivuli na ukuta wa kuegemea. Miguu nyoosha, ikifa ganzi sugua kisigino, usisimame ghafla utaanguka watu wacheke. Msemaji awe mmoja na wote wamjue. Mikono ipewe kazi. Sisi tulisuka ukili. Mtu anayesuka mdomo wake unatulia, halafu anayekuja kuwafukuza anaona aibu kumfukuza mtu aliye kazini.

Na msiende na kisu. Hapo ndipo penye aibu yangu.

Tulikwenda na mkeka mara ya kwanza, Tatu bado yuko edani. Kila kitu kilikwenda kama tulivyofanya mazoezi. Mtendaji alifika, akatazama mkeka, akatazama viatu vyake, akainama akafungua kamba. Mwanamume mzima, amebeba viatu kama kuku, "Shikamooni mama zangu." Marahaba, tukaitikia sote. Bi Pili akamwambia soksi nzuri. Watu wakaanza kusimama njiani kuangalia, wake kwa waume, na wengine wakawa wanauliza habari za Tatu, jambo ambalo mwezi mzima hawakuuliza.

Mchana Shabani akaleta mgambo wawili. Wakasema watakagua vikapu. Mama Ester akasema kagueni. Alijua hatuna kitu. Mimi nilijua pia, mpaka mgambo alipofika kwenye kikapu changu nikakumbuka. Kisu changu cha kuchania ukindu kilikuwa chini ya majani. Kidogo, mpini wa mti, kimeisha kwa kunolewa. Miaka ishirini nimekibeba kila ninakokwenda kusuka, na kwangu hakikuwa kisu, kilikuwa kama kidole changu. Akakiinua juu watu wakione. "Hawa wamekuja na silaha."

Vikapu vilikuwa vimewekwa pamoja ukutani. Akauliza kisu cha nani.

Nikanyamaza.

Niandike ukweli. Mdomo huu mnaousikia, wa mtu aliyemzaba mwalimu wake kofi kwa maneno tu, ulinyamaza. Niliona kituo cha polisi, nikaona binti yangu anapita njiani watu wanasema mama yake kafungwa kwa kisu. Mgambo akauliza mara ya pili. Mama Ester akaweka ukili wake chini, akafunga kilemba vizuri.

"Mimi ndiye niliyewaleta hawa," akasema. "Mnichukue mimi."

Hakusema uongo. Hakusema ni chake. Uongo alikuwa hautaki hata wa kuokoa. Akavaa viatu vyake pembeni ya mkeka, akaondoka katikati yao, kawazidi urefu wote wawili. Sisi tukakunja mkeka, Shabani anatutazama anacheka. Njia nzima Bi Pili hakunisemesha. Alikijua kisu kile. Wote walikijua.

Asubuhi yake nilikwenda kituoni. Nilimwambia askari wa mapokezi kisu ni changu, na aliyekamatwa hakukijua. Akaniuliza kwa nini sikusema jana. Nikamwambia niliogopa. Akaniuliza kisu kile ni cha kazi gani, nami nilikuwa na jani la ukindu kwenye pindo la kanga, nikalitoa nikalichana kwa ukucha pale mezani, nyuzi nyuzi, nimwonyeshe kinachochanwa. Akanitazama vidole.

"Sasa bibi, kama ukucha unaweza, kisu cha nini?"

Miaka ishirini. Tangu siku hiyo nachana kwa ukucha, na niliowafundisha wote wanachana kwa ukucha.

Walimwachia Mama Ester, lakini akaambiwa asikanyage kijijini kule mpaka aitwe. Nilimsindikiza barabarani kupata usafiri wa Kibaha. Nikafungua mdomo kuomba radhi, akaniwahi. Akaniambia alijua kisu ni changu tangu kilipoinuliwa, kwa sababu mpini ulikuwa na rangi ya zambarau ya Tatu. "Nilikuwa nangoja nione utasema siku gani," akasema. "Umesema kesho yake. Kuna watu hawasemi mpaka wanazikwa." Halafu, mguu mmoja uko ndani ya gari, akasema siku ya muhuri nitaongoza mimi.

Nikamwambia siwezi, mimi ni mtu wa kofi.

"Ndiyo maana," akasema, na gari likaondoka.

Eda ya Tatu iliisha, akaoga, akabadili nguo. Siku tatu baada ya hapo ndiyo iliyowekwa kugonga muhuri. Asubuhi tulikutana kwangu, na Bi Pili akasema mbele ya wote, kwa sababu ana haki ya kusema, "Wewe ulimtoa Mama Ester kwa mgambo. Leo utamtoa nani?"

Nikamwambia leo nakaa mbele, karibu na ngazi. Wa kwanza kukanyagwa ni mimi. Nikageuza kikapu changu chini juu, kila mtu akaona hamna kitu. Na wote wakageuza vya kwao. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila mara baadaye, na ninyi mfanye, mtu mzima asione anadhalilishwa.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha tangu alfajiri, udongo mwekundu umekuwa kama unga uliokandwa. Tulitandika. Mimi mbele, Tatu kulia kwangu, Bi Pili nyuma yangu. Mwenyekiti wa kijiji akaja akavua, akaamkia watu wazima, akaingia. Mtendaji akavua. Wajumbe wakavua. Mmoja wao alikuwa Mzee Kibwana, anayesalisha msikiti wa pale, mtu asiyependa mambo yetu hata kidogo. Alikwisha kusema wanawake wa Mama Ester wamepoteza haya. Lakini alivua, akasimama upande wa pili wa mkeka, akaanza kufuta miguu.

Shabani akaja na yule mtu wa mjini. Mtu wa mjini alisimama chini ya ngazi, anaangalia viatu vyetu vilivyopangwa. Shabani hakusimama. Alikuwa na mabuti ya mpira, yamejaa udongo. Akapanda ngazi, akakanyaga mkeka.

Aliweka buti la kwanza juu ya ukili wa zambarau. La pili aliliweka juu ya vidole vyangu vya mkono wa kushoto. Sijui kama alikusudia. Akabaki hapo hapo, akaniambia, "Inuka, mchonganishi."

Wajukuu zangu, mkono wa kulia ulikuwa huru. Na mkono ule mnaujua. Niliona kofi lote, niliona mahali pa kulitua. Na niliwaona mgambo wale wawili pembeni wanangoja kofi hilo hilo, kwa sababu likitoka tu, muhuri unagongwa na sisi ni wahuni. Nyuma yangu Bi Pili akasema kwa sauti ndogo, "Kaa, somo."

Nikamtazama Tatu. Alikuwa anasuka. Ukili wake unapinda, lakini anasuka. Nikachukua ukili wangu kwa mkono mmoja nikaushika na meno, nikaendelea. Nikasema, "Karibu, Shabani. Hujambo?"

Mvua tu kwenye bati. Shabani akaangalia chini, nafikiri hapo ndipo alipoona amesimama wapi, kwa sababu aliinua mguu, na alipoinua, unyayo ukabaki, mwekundu, mkubwa, umelala kwenye zambarau.

Mzee Kibwana akageuka. "Shabani," akasema, "mama yako alikufundishia wapi kusali?"

Shabani akarudi nyuma, akatoka mkekani.

"Nakuuliza. Alitandika nini?"

Yule mzee alikuwa amekasirika, na haikuwa kwa ajili yetu. Mpaka leo siamini alitupenda. Lakini alikuwa ameona kitu ambacho hakuweza kukiacha kipite.

Yule mtu wa mjini akakaa kwenye ngazi, akavua viatu vyake vizuri, akavua na soksi. Akapanda, akachuchumaa pembeni ya mkeka, akatuamkia sote. Akauliza Tatu ni nani. Tatu akasema ni mimi. Akamuuliza, "Mama, wewe shamba hili unaliuza?"

Mnajua ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza? Kijiji kizima, ofisi nzima, ukoo mzima. Tatu akaweka ukili mapajani. Akasema, "Siuzi. Nililifyeka mimi."

Yule bwana akainua kichwa akamtazama Shabani, halafu akamtazama mwenyekiti aliyekuwa amesimama mlangoni. Akashika viatu vyake mkononi, akashuka akaondoka kwenye tope, peku, mpaka kwenye gari lake. Mwenyekiti akamwambia mtendaji afungie muhuri kabatini. Baadaye mkutano wa kijiji ukaitwa, mashahidi wa kufyeka wakaja, na jina la Tatu likaandikwa kwenye shamba lake. Korosho za mikorosho ile bado anaziokota. Kila msimu huniletea, na kila msimu nakuta zimeungua, kukaanga hajui.

Nilipokwenda Kibaha kumpa Mama Ester habari, nilikuwa na maneno mengi. Vidole vimefungwa kitambaa. Yeye akavifungua kwanza akavitazama, muuguzi ni muuguzi. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Uliinuka?"

Nikamwambia sikuinuka.

Akanifunga kitambaa upya, vizuri zaidi. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, mashamba, mirathi, wasichana waliotolewa shule, na hakuwahi kunisifu. Simdai sifa. Nimewahi kuona watu wenye nguvu wengi, wa kubeba magunia, wa kupiga meza. Mwenye nguvu kama yule sijamwona. Alifariki hapa Kibaha, kwenye kitanda chake, na wanawake wa Kisarawe waliokuja kumzika walijaa mpaka barabarani. Walikuja na mikeka yao. Kanisani hapakuwa na pa kuitandika, wakatandika nje.

Basi, wasichana wa Zegereni. Ninyi mna simu, na nimewasikia mkisema mtarusha laivu. Rusheni. Mimi naona ni jambo jema, sisi unyayo ulionwa na kijiji kimoja, wenu utaonwa na wengi. Lakini anayeshika simu awe mmoja, na asikae mkekani, maana mtu anayejirekodi hakai, anajitazama.

Mkeka ule ninao. Sikuuosha. Siku mlipokuja, nilipomaliza kusema, niliutoa uvunguni nikautandika hapa sebuleni, nikawaambia kaeni tufanye mazoezi. Neema akakaa mbele. Rehema alikuwa amesimama ukutani. Sikumwita. Akavua viatu, akageuka kidogo, akafungua kanga aliyojifunga tumboni, akaikunja, akaja akakaa mbele kabisa, karibu na lile doa jekundu, miguu ameinyoosha, tumbo lake wazi mbele yake.

Nikavaa mabuti ya mkwe wangu. Nikaja juu yao kama mgambo, nikawatukana matusi yote aliyotutukana Mama Ester na mengine ya kwangu, nikakanyaga mkeka kwa miguu yote miwili, nikamwinamia Rehema nikamwambia inuka.

Neema alikunja ngumi. Niliiona.

Rehema aliangalia mabuti, akainua macho taratibu.

"Shikamoo bibi," akasema. "Umesahau kuvua viatu."

Nikavivua.